Lenzi ya mara 10 ninayokagulia mawe: maoni ya muuza kokoto wa Boko

Ninauza mawe, kokoto na mchanga Boko, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Mawe yanapita mikononi mwangu kwa tani, na mtu yeyote mwenye jiwe asilolielewa anajua pa kunipata: madereva wa tipa, mafundi wanaochimba misingi na mashimo ya vyoo, vijana wa ufukweni, hata wateja waliofuata mchanga tu. Swali ni lile lile. "Mama, hiki si kisukuku hiki?" Yaani, si mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika kwenye jiwe? Ninalijibu kwa lenzi ndogo ya kukunja, na ndiyo ninayotaka kuielezea hapa. Nimeona watu wakinunua zisizofaa, na nimeona pia kitu cha kweli kikitupwa kwenye rundo la kifusi kwa kukosa kifaa cha bei ya kuku mmoja au wawili.

Ni lenzi ya mara 10, yaani inayokuza kitu mara kumi, ile wanayotumia masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi kukagulia vito na mafundi saa wa Kariakoo kutazamia mashine za saa. Kioo kina upana wa milimita 18, kimeshikwa na pete ya chuma, na ukikizungusha kwenye skrubu yake kinaingia ndani ya kava, kinakaa salama mfukoni. Ukikitazama kwa nje utadhani ni kioo kimoja. Ni vitatu vilivyogandishwa pamoja, na hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Kioo kimoja peke yake, kikishaanza kukuza sana, hutia rangi ya bluu na nyekundu kwenye kingo za kila kitu, na mistari iliyonyooka hujipinda pembeni. Kwa mtu anayesoma maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa hilo halina neno. Kwa anayetafuta kuta nyembamba kuliko unywele ndani ya jiwe, ni hasara. Yangu niliinunua Kariakoo kwa muuza vifaa vya mafundi saa. Alianzia elfu thelathini na tano, tukaelewana elfu ishirini na tano pamoja na kifuko chake.

Ninayo na nyingine, ya elfu nane, niliyoinunua kwa ajili ya vijana wanaonipakilia. Kwenye kava lake pameandikwa mara 30. Ndugu zangu, msinunue nambari. Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji mtaalamu: chukua 250, gawanya kwa nambari iliyoandikwa, na jibu lake ndio umbali kwa milimita ambao kitu kinapaswa kuonekana safi chini ya kioo. Lenzi ya mara 10 huona safi kwenye milimita 25. Ya mara 30 ya kweli ingelazimika kusogezwa hadi milimita 8 na kidogo, karibu kugusa jiwe. Hii ya elfu nane nimeipima kwa rula ya shule: inaona safi kwenye milimita 25. Kwa hiyo ni ya mara 10 iliyovalishwa jina kubwa, na pembeni picha yake ina ukungu. Katikati inaonyesha vizuri, sitaisema vibaya zaidi ya inavyostahili, na kwa mwanafunzi inatosha kuanzia. Lakini hata mtu angekupa ya mara 30 ya kweli, kwa mawe ningekuambia uiache. Unaona eneo dogo mno, kichwa chako kinaziba mwanga, na mkono ukitikisika kidogo tu kila kitu kinapotea.

Jambo jingine ambalo karatasi ya kwenye boksi haisemi ni namna ya kuishika. Karibu kila ninayempa kwa mara ya kwanza anaiweka juu ya jiwe kisha anainamia kwa mbali. Hivyo huoni kitu. Lenzi inakwenda jichoni, karibu iguse kope, kisha jiwe ndilo linaloletwa taratibu hadi lionekane. Macho yote mawili yabaki wazi, usifumbe moja, utachoka. Mwanga uje kwa ubavuni. Jua letu la saa sita linapiga utosini na kufuta vivuli vyote, na bila kivuli jiwe linaonekana bapa. Asubuhi au saa kumi jioni ndio wakati, au laza taa ya simu pembeni mwa jiwe. Kabla ya yote, osha jiwe kwa maji na mswaki wa zamani. Litazame likiwa kavu, kisha lilowanishe utazame tena, kwa sababu maji hufungua rangi ambazo vumbi lilizificha.

Sasa niseme kwa nini lenzi, na si macho matupu. Umbo la nje ndilo linalowavuta watu, na umbo ndilo linalowapoteza. Jiwe linaweza kufanana na yai, kidole, moyo, nyoka aliyejikunja, fuvu la nyani, na lisiwe chochote ila jiwe. Kilichowahi kuishi kilijijenga kwa mpangilio, na mpangilio huo unabaki ndani hata mwili ulipogeuka madini. Ndio unaotafutwa.

Mteja mmoja wa Goba, mtu mzima, alishuka kwenye bajaji na jiwe la mviringo alilolifunga kwenye khanga. Fundi wake alilikuta akichimba shimo la maji machafu. Akaniambia ni yai la dinosaria na kwamba tayari kuna mtu amemtajia bei. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, karibu ukae, tulitazame kwanza." Tukalisugua. Upande mmoja lilikuwa na mpasuko, na mpasuko ni neema, maana unakuonyesha ndani bila kuvunja kitu. Yai lina ganda. Ganda la yai la dinosaria lina unene wa milimita chache tu, na ni kitu mbali na kilichomo ndani: kwenye ukingo uliovunjika utaona mpaka, utaona fuwele zilizosimama wima kutoka ndani kwenda nje, na vitundu vya kupitishia hewa. Kwenye jiwe la mzee hapakuwa na mpaka wowote. Chembe za mchanga za nje ndizo zilizokuwa za ndani, ukubwa ule ule, zimeshikamana kwa madini ya chuma yenye rangi ya kutu hadi katikati. Lilikuwa donge. Maji yenye madini hupita mchangani, madini yanaganda kuzunguka kitu kidogo, donge linakua pande zote kwa kadiri moja, na hivyo linatoka duara. Nikampa lenzi atazame mwenyewe. Alikaa nayo muda mrefu, akasema, "Kumbe ni mchanga mpaka ndani." Nilifurahi kwamba aliyelisema ni yeye, kwa sababu mtu akiona kwa jicho lake hatadanganywa tena na yule mwenye bei.

Niongeze hapo hapo: donge la namna hiyo wakati mwingine hukua kuzunguka kombe, jani au mfupa. Kwa hiyo msilipasue kwa nyundo ya kokoto. Kama lina mpasuko, tazama mpasuko. Kama halina, liache zima.

Wateja wa mawe bapa ya kubandika ukutani huniletea malalamiko ya aina nyingine. Wanakuta michoro myeusi juu ya jiwe, matawi matawi, mfano wa majani membamba, na wanaamini ni mmea wa kale. Hapa lenzi inamaliza mjadala haraka. Jani la kweli lina mshipa wa katikati na mishipa midogo inayotoka kwake kwa mpangilio, na mara nyingi limeacha alama yenye kina kidogo. Michoro hii haina mshipa, haina unene, na mara nyingi inaanzia kwenye ufa au ukingo wa jiwe na kusambaa kutoka hapo. Ni manganizi na chuma vilivyopenya na maji katikati ya matabaka. Ni mizuri mno, mimi binafsi nimebandika moja barazani kwangu, lakini haijawahi kuwa hai.

Kuna jambo ambalo watu wa Dar es Salaam hawaambiwi vya kutosha, na linaniuma kwa sababu ndilo chakula changu. Visukuku vya kweli tunavyo, tena vingi, na tunavikanyaga. Mwamba wa matumbawe unaojitokeza kwenye fukwe zetu, ule mgumu wenye makali unaokata miguu Oysterbay na Kunduchi maji yakitoka, ulijengwa na viumbe wa baharini katika enzi ya Pleistosini, enzi iliyokoma yapata miaka 11,700 iliyopita. Wazee wetu waliukata wakajengea. Magofu ya Kunduchi ni mawe hayo, Kaole ni mawe hayo, Msikiti Mkuu wa Kilwa ni mawe hayo. Akina mama wa Kunduchi Mtongani wamekaa miaka na miaka wakigonga mawe kuwa kokoto kwa nyundo, na ndani ya kila ndoo kulikuwa na wanyama. Mtu anatoka hapa kwenda kutafuta yai la dinosaria, naye nyumba yake imesimama juu ya visukuku.

Chukua kipande cha mwamba huo, kioshe, kitazame kwa lenzi. Kama una bahati ya kupata sehemu ambayo mnyama mwenyewe amebaki, utaona vikombe vidogo vilivyopangana, kila kimoja na ukubwa unaolingana na wa jirani yake. Katika aina nyingine vikombe vinashirikiana ukuta, umekaa hivyo kama sega la nyuki lililogeuka jiwe. Ndani ya kikombe zimo kuta nyembamba zinazotoka ukingoni kuelekea katikati. Matumbawe ya mawe ya enzi zetu hujenga kuta hizo kwa mafungu ya sita: sita kubwa, kati yake nyingine ndogo, kati ya hizo ndogo zaidi. Hesabu. Si kila kikombe kitakubali kuhesabiwa, vingine vimesagika, lakini ukivipata vichache vilivyokamilika na mpangilio ukajirudia kutoka kikombe hadi kikombe, umepata jibu lako. Hakuna maji ya madini wala joto la ardhi linaloweza kupanga hivyo, kikombe baada ya kikombe.

Swali linalofuata ni gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niipende lenzi hii kuliko ile ya elfu nane: je, hiki ni kisukuku, au ni kipande cha tumbawe lililokufa juzi likatupwa na mawimbi? Vyote vina vikombe, vyote vina kuta. Tumbawe la juzi ni jepesi mkononi, jeupe, matundu yake yako wazi na kuta zake zina ncha kali. La kale mara nyingi limejaa. Mnyama alijenga mifupa yake kwa aragonaiti, na maji ya mvua yanayopenya mwambani kwa maelfu ya miaka huiyeyusha na kuigandisha upya kuwa kalsaiti; yote mawili ni madini ya chokaa. Chini ya lenzi utaona matundu yamezibwa na fuwele zinazometa ukigeuzageuza jiwe, kuta zimenenepa na kupoteza ncha, na mara nyingine tope la chokaa limekaa ndani ya vikombe likagandamana. Jiwe linakuwa zito kuliko unavyotarajia. Kwenye lenzi ya bei ya chini mng'ao wa fuwele unachanganyika na ile rangi ya kingo, hujui kipi ni kipi. Kwenye hii unaona fuwele moja moja zilivyokaa.

Humo humo mwambani mna makombe pia. Kombe kubwa lenye mikunjo mikubwa, ambalo vijana huliita taya la samaki, lina mistari ya kukua inayokwenda sambamba na ukingo na kuikata mikunjo yote bila kukatika. Mnyama wa miiba anayechoma miguu ya wavuvi ana mwili wa pande tano, na tano hiyo haipotei hata miiba yote ikiondoka. Ukikuta donge dogo lenye safu tano za vitundu vinavyotoka kileleni kwenda pande zote, liweke kando. Kwangu pana ndoo nyekundu chini ya meza kwa ajili ya vitu hivyo. Haviendi kwenye mashine ya kusagia.

Mfupa ni habari nzito zaidi na nitautulia. Kijana mmoja anayenipakilia, kwao ni Lindi, alirudi kutoka nyumbani na kipande cha kahawia kilichotosha kiganja, alichookota kwenye njia ya shamba baada ya mvua. Lindi si mahali pa kuchezea. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani aliona mifupa mikubwa ikijitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, na kati ya 1909 na 1913 mamia ya wenyeji walichimba huko, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani chini ya wanasayansi wa Berlin, na kubeba mifupa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Dinosaria mmoja aliyeunganishwa kwa mifupa hiyo amesimama Berlin hadi leo, kimo chake mita 13.27. Kwa hiyo kijana wa Lindi akiniambia "Mama, tazama hiki", ninakaa chini.

Mfupa una sehemu mbili, na lenzi inazionyesha zote mbili kwenye ukingo uliovunjika. Nje pana tabaka zito lililokaza. Ndani pana wavu wa nguzo ndogo ndogo zilizoungana, na kati yake nafasi zisizo na umbo moja. Kwenye kisukuku nafasi hizo kwa kawaida zimejazwa madini, na rangi ya nguzo na ya ujazo huwa tofauti, ndiyo maana wavu unaonekana hata pasipo tundu lolote. Kipande cha kijana kilikuwa hivyo: ukingo umekaza, kisha wavu, na katika nafasi za wavu madini ya rangi ya tangawizi. Kulinganisha, nilimpa kipande cha mavi ya chuma, yaani taka inayobaki chuma kikiyeyushwa, kutoka kwenye rundo la kifusi, maana watu wengi huniletea hicho wakidhani ni mfupa kwa ajili ya matundu. Matundu yake ni ya mapovu. Ni ya duara, kila moja limejifunga peke yake, kuta zinang'aa mithili ya glasi, na hakuna tabaka la nje lililokaza. Mtu akiviona hivyo viwili kimoja baada ya kingine chini ya kioo, hasahau.

Wapo wanaofundisha kugusisha ulimi: mfupa wa kale huunata ulimi kwa sababu ya vitundu vyake. Ni kweli kwa mingi, lakini udongo mkavu na chokaa laini navyo vinanata, na jiwe lililotoka kwenye shimo la maji machafu silitii ulimini. Lenzi inaniambia zaidi na haiumizi tumbo.

Vitu vingine vitatu hukaa pamoja na lenzi kwenye kifuko. Kigae kilichovunjika, kwa ajili ya upande wake wa nyuma usiong'arishwa: unasugua jiwe, unasoma rangi ya unga. Msumari wa chuma, wa kukwaruzia mahali pasipoonekana, kwa sababu chokaa inakwaruzika na gumegume haikwaruziki. Na limau. Tone la limau juu ya unga wa jiwe la chokaa hutoa povu dogo, na povu hilo linaonekana vizuri kwa lenzi. Lakini tafadhali mlielewe povu linasema nini. Linasema hapa pana chokaa. Halisemi hapa pana kisukuku. Nimesikia watu wakiuziana mawe kwa ushahidi wa povu, wakati jiwe lolote la msingi la Boko litatoa povu hilo hilo.

Niseme kidogo na habari ya sandarusi, kwa kuwa lenzi hii imewasaidia wengi upande huo. Pwani yetu ilijulikana duniani katika karne ya 19 kwa sandarusi iliyochimbwa bara na kupitishwa Zanzibar, na bado mtu anaweza kukuletea kipande cha manjano chenye mdudu ndani akakiita kaharabu, yaani utomvu wa kale uliogeuka kisukuku, ya mamilioni ya miaka. Sandarusi ni utomvu wa mti, na mdudu wake anaweza kuwa wa kweli kabisa, ila ni changa sana kuilinganisha na kaharabu. Tone la dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, likikaa kidogo juu ya sandarusi hulainisha uso ukanata. Kaharabu haifanyi hivyo. Plastiki nayo hujitaja chini ya lenzi: mstari wa kalibu ubavuni, mapovu ya duara safi, na mdudu mkubwa mzima aliyekaa katikati kabisa ametandaza miguu. Mdudu aliyenaswa kwenye utomvu alihangaika. Mara nyingi miguu imekunjika, bawa limekaa upande, na uchafu mdogo wa mti umemzunguka.

Programu za simu zinazotambua mawe kwa picha nimezijaribu, na sizipendekezi kwa kazi hii. Jiwe moja lilipewa jina jipya kila nilipobadilisha pembe ya picha. Zinasoma umbo na rangi, yaani vile vile vinavyompoteza mwanadamu. Simu itumie kupigia picha kupitia lenzi: gusisha kamera kwenye kioo, sogeza jiwe, weka rula au sarafu ya shilingi mia mbili kando ya jiwe ili ukubwa ujulikane. Picha ya namna hiyo ina thamani kuliko picha kumi za jiwe zima lililoshikwa kiganjani.

Kuna ambayo lenzi haiwezi. Haikuambii umri. Haikuambii jina la mnyama, labda ujue mengi kuliko mimi. Viumbe vingine vya mawe ya chokaa ni vidogo kiasi kwamba mara 10 haitoshi hata kuvitia shaka, vinataka darubini ya maabara. Na haiwezi kurudisha kile ambacho mwokotaji alikiacha nyuma: mahali. Jiwe lilitoka wapi, kina gani, tabaka la rangi gani, lilikuwa na nini pembeni. Kijana wangu wa Lindi tulimwandikia hayo yote kwenye karatasi kabla hajakipeleka kipande chake Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa hilo la mahali. Aliniambia aliporudi kwamba amesimama pia mbele ya nakala ya nyayo za Laetoli, zile za watangulizi wa binadamu za miaka milioni 3.66, na kwamba sasa anataka kusoma. Nimemwambia jumamosi zake ni zake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina wataalamu wa miamba na wa mambo ya kale, na swali lililokuja na picha nzuri na maelezo ya mahali ni rahisi kwa mtaalamu kulijibu kuliko jiwe lililofunguliwa ghafla mezani kwake.

Mifupa, meno na mimea ya kale vinaguswa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kuchimba bila leseni hairuhusiwi, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali hairuhusiwi. Yeyote anayekuambia "chimba zaidi, nitanunua vyote" anakutia matatani, na anaharibu kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa upya. Ukikuta kimoja kinachoonekana ni mfupa, funika mahali, weka alama, piga picha, toa taarifa.

Kwa bei ya elfu ishirini na tano ninaipa lenzi hii nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa mambo mawili. Kava lake limenakshiwa rangi nyeusi inayobanduka kwa jasho na chumvi ya huku pwani, na chuma cha chini kimeanza kutu. Na haina tundu la kamba, jambo baya kwa mtu anayeinama juu ya rundo la kokoto. Yangu nimeifunga kwa uzi wa viatu kupitia kwenye skrubu. Kioo chenyewe sina la kukilaumu. Mwalimu wa jiografia, fundi wa visima, mvuvi, dereva wa tipa, mzazi mwenye mtoto anayerudi na mawe mfukoni, wote itawafaa. Mwenye bajeti ndogo achukue ya elfu nane na atazame katikati tu ya kioo.

Mkienda Kariakoo, nendeni na rula ya milimita. Kabla ya kutoa pesa, itazameni rula hiyo kupitia kioo mkiwa mmesimama mlangoni penye mwanga, si chini ya taa ya dukani: mistari ikipinda kabla haijafika ukingoni, au ikivaa bluu upande mmoja na wekundu upande wa pili, mrudishieni muuzaji na mwombe nyingine. Skrubu ikilegea baadaye, fundi saa yeyote anaikaza ukisubiri.